Krismasi kwa shosho Nanyuki na wajukuu wanne: tupange vipi na korona hii?

MamaWatatu_Umoja (9 Desemba 2020)

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa wanaojua, wa kunitia moyo ninao wa kutosha.

Tunakaa Umoja, Nairobi. Mama mkwe, shosho (bibi) wa watoto, yuko Nanyuki, nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji, ina veranda mbele na uwanja wa nyasi. Ana miaka 72, ana presha na kisukari, na anaishi na msichana anayemsaidia kazi. Wajukuu hajawaona tangu Februari.

Wanaotaka kwenda ni msichana wangu wa darasa la nane, mvulana wa miaka 8, kitinda mimba wa miaka 4, na binamu yao wa kidato cha pili anayekaa Rongai. Halafu mimi na baba yao, jumla sita. Gari hatuna, ni matatu.

Nauliza hivi: inawezekana kabisa, au tumwambie shosho mwaka huu hapana? Na kama inawezekana, tulale wapi, tule vipi, na watoto wacheze nini naye bila kumrukia shingoni? Baba yao anasema tupimwe wote tarehe 22 halafu twende, basi. Mimi sina hakika.

---

Nesi_wa_Zamu

Mama Watatu, anza na kalenda. Barakoa na sabuni zitafuata.

Ugonjwa huu hukaa mwilini siku 2 hadi 14 kabla ya dalili, wengi zikiwatokea karibu siku ya 5. Na mtu huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajakohoa. Watoto nao mara nyingi hawaonyeshi dalili kabisa, kwa hiyo ile bunduki ya kupima joto mlangoni haimlindi shosho.

Shida yako kubwa ni huyo wa darasa la nane. Yeye, wa gredi ya nne na wa kidato cha nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba, na muhula wao unafungwa Jumatano tarehe 23 Desemba. Unaweza kuwafungia hao wengine ndani tangu Ijumaa hii, siku 14 zikatimia sawasawa sikukuu yenyewe, na kazi yote ikawa bure kwa sababu dada yao anatoka kila asubuhi na kurudi kulala chumba kimoja nao. Karantini huhesabiwa kwa nyumba nzima, kuanzia siku mtu wa mwisho alipoacha kutoka. Baba naye yumo katika hesabu hiyo, na binamu wa Rongai pia.

Kipimo cha tarehe 22 hakisaidii. Kinasema tu kwamba siku ile, kwenye pua ile, virusi havikuonekana. Aliyeambukizwa darasani tarehe 21 atatoka hana, na tarehe 25 ndio atakuwa motomoto.

Ningekuwa na kalenda yako ningeiandika hivi. Krismasi yenyewe mbaki Umoja. Kuanzia jioni ya tarehe 23 hakuna anayetoka: hakuna ibada ya ndani, hakuna saluni, hakuna mgeni. Binamu ahamie kwenu siku hiyo hiyo na asirudi Rongai katikati. Jumatatu tarehe 28, ambayo ni siku ya 5, ndio mkapimwe kile kipimo cha PCR. Majibu mengi hutoka ndani ya siku moja au mbili. Tarehe 30 mnatimiza siku 7, tarehe 31 mnasafiri, mnafungua mwaka na shosho. Hesabu hiyo ya siku 7 pamoja na kipimo cha siku ya 5 au baadaye ndiyo CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliyotoa tarehe 2 mwezi huu. Bila kipimo ni siku 10, na 14 bado ndiyo salama zaidi. Pesa za kuwapima wote zikikosekana, ningewapima watu wazima na wale wawili wakubwa, na wadogo niwape sheria kali zaidi wakifika.

Mrudi Jumamosi tarehe 2, msingoje Jumapili. Sababu ni hii: matatu yenyewe ni hatari mpya. Aliyeambukizwa garini tarehe 31 haanzi kuambukiza palepale, humchukua siku mbili tatu. Mkikaa usiku mbili mnaondoka kabla hatari hiyo haijaiva. Mkikaa wiki, inaivia sebuleni kwa mama. Na shule zinafunguliwa kwa wote Jumatatu tarehe 4, kwa hiyo Jumapili barabara itakuwa imejaa.

Baba akisema hawezi kukosa kazi kati ya tarehe 23 na 30, basi yeye abaki Nairobi. Naandika hivyo bila kupunguza ukali.

---

Mzalendo_Laikipia

Mnatisha watu bure. Nanyuki hewa ni safi, watu si wengi, mlima uko pale. Wazee wa huku wanaishi miaka 90. Mpeleke watoto, mama afurahi. Upweke nao unaua.

---

Nesi_wa_Zamu

Kaka, upweke ni kweli, ndiyo maana sikumwambia asiende. Lakini hewa ya mlimani haimsaidii mtu aliyeketi na wajukuu sebuleni dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Ugonjwa hausubiri kuwakuta watu wengi, unapanda matatu ya asubuhi kutoka Nairobi.

Na kuna jambo la wiki hii ambalo mtu asilisahau: wauguzi na maafisa wa kliniki wamegoma tangu Jumatatu tarehe 7. Kabla ya kufunga mkoba, pigeni simu mjue ni hospitali gani ya binafsi au ya misheni karibu na mama iko wazi, ina oksijeni, na inataka amana kiasi gani. Mnunulieni dawa zake za presha na sukari za mwezi mzima sasa, msingoje chupa ibaki na vidonge viwili.

---

Dereva_Mstaafu_Thika_Road

Nizungumzie barabara tu. Umoja hadi Nanyuki ni kama kilomita 200, kupitia Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru. Kwa kawaida ni saa tatu na nusu hadi nne, na tarehe 31 ongeza moja.

Kafyu inaisha saa kumi alfajiri. Fikeni steji saa kumi na moja, msipande ile ya saa tatu, maana kufikia hapo makanga ameshaanza kusahau sheria. Matatu ya viti 14 inatakiwa kubeba abiria 8. Ninyi ni sita. Ongezeni nauli za viti viwili vilivyobaki mchukue gari zima, halafu mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba hakuna kuokota mtu njiani pale Kenol. Mkiisha kulipa ndipo muanze kubishana, mmeshindwa. Bei za Desemba hupanda, kwa hiyo ulizeni wiki moja kabla.

Madirisha yawe wazi ya mbele na ya nyuma, upana wa vidole vinne, pande zinazopingana. Dirisha moja likifunguliwa peke yake hewa inazunguka tu ndani. Ukishapita Karatina baridi inaingia, na hapo ndipo watu hufunga. Vaeni sweta kutoka nyumbani. Dereva naye avae barakoa juu ya pua. Faini ya bila barakoa hufika shilingi 20,000 na anaijua.

Vitafunio visiliwe garini. Simameni Sagana, mle nje, mtoto akojoe, mnawe, mwendelee. Mtoto wa miaka 4 anayetapika mpe kiti cha mbele ya ekseli ya nyuma, asipewe maziwa asubuhi, na mfuko uwe mkononi mwako, usiuweke ndani ya begi.

---

Fundi_Kwa_Mbao

Mama Watatu, piga simu huko mwambie kijana wa jirani atengeneze kibuyu chirizi (cha kunawia mikono kwa kukanyaga kijiti) mbele ya geti kabla hamjafika. Kazi ya saa moja.

Miti miwili yenye panda, urefu wa mita 2, ifukiwe nusu mita, ikiachana sentimita 70. Ufito mmoja wa mita 1 upitishwe juu yake, ndio unaobeba jerikani ya lita 5 kupitia mkono wake. Pasha msumari moto utoboe tundu moja la milimita 2 upande wa mbele, kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Kamba ifungwe shingoni mwa jerikani, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga jerikani inainama, maji yanachirizika, mkono haugusi kitu. Sabuni itobolewe katikati, ining'inizwe kwa kamba ndani ya kopo lililopinduliwa ili mvua isiiyeyushe. Chini pawekwe kokoto, la sivyo kufikia saa saba pana tope na watoto wameligundua.

Makosa ninayoyaona kila mahali: tundu kubwa (maji yanaisha kabla ya mtu wa tano), tundu chini mno (yanavuja yenyewe), na kijiti kirefu kiasi kwamba mtoto wa miaka 4 hawezi kukishusha. Kinyanyuke sentimita 15 tu kutoka ardhini. Kikitengenezwa vizuri mtu mmoja ananawa kwa mililita 40 hivi, wakati kwa kopo anamwaga nusu lita.

La Nanyuki hasa ni baridi. Saa moja asubuhi maji ya jerikani ni kama ya friji, na mtoto atajifanya amenawa. Tia maji ya vuguvugu asubuhi na jioni utaona tofauti.

Mkitundika turubai la kivuli uwanjani, pande zote nne ziwe wazi. Upepo wa mlima ukianza alasiri kuna mtu atashusha pande tatu "kwa sababu ya wazee", na hapo mmejenga chumba. Shusha upande mmoja tu, ule upepo unakotokea. Kiti cha shosho kiwe pembeni, hewa impitie yeye kwanza ndipo iwafikie wageni. Viti vya wageni vianzie mita 2 kutoka kwake. Chora mstari wa chokaa kwenye nyasi, watoto huheshimu mstari kuliko maneno.

---

MamaWatatu_Umoja

Asanteni sana. Baba yao amesoma ya Nesi akanyamaza, nadhani ameelewa.

Tukubali basi Krismasi tuko Umoja, mwaka mpya Nanyuki. Kulala je? Na dawa ya kusafishia ni kiasi gani? Dukani kila mtu anasema lake.

---

Nesi_wa_Zamu

Kulala ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu ni muda wa saa nane mkipumua chumba kimoja. Kilicho bora ni kukodi chumba mjini kwa usiku mbili, mkaja kwa mama asubuhi na kuondoka jioni kabla ya kafyu ya saa nne usiku. Isipowezekana, mama na msichana wake wabaki na vyumba vyao, ninyi sita mpewe sebule na chumba kimoja, mlango wa katikati ufungwe, na madirisha yenu yaachwe wazi kidogo usiku kucha. Usiku wa huko Desemba hushuka hadi nyuzi 10 au chini. Dawa yake ni blanketi mbili kila mtu na soksi.

Jiko la makaa lisiingizwe ndani kupasha chumba joto, hata "dakika kumi tu". Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala haiwashi macho, na familia hulala nayo isiamke. Kila msimu wa baridi inaua watu wengi nchi hii kwa njia hiyo hiyo.

Choo cha ndani mkikitumia wote, dirisha liwe wazi daima, na mama aende wa kwanza asubuhi kabla hamjaamka.

Dawa ya kusafishia: soma chupa. Nyingi za hapa zimeandikwa asilimia 3.5. Kwa vitasa, meza na choo changanya mililita 30 kwa lita moja ya maji, ambayo ni vijiko viwili vikubwa. Ifute, iache dakika kumi, kisha pangusa kwa maji. Changanya ya siku moja tu, kesho imepoteza nguvu, na jua linaiharibu upesi zaidi. Isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi inayochoma mapafu. Mikono ni sabuni na maji, sekunde 20. Sanitaiza ya alkoholi asilimia 60 kwenda juu iwe ya njiani tu. Lakini msimalize nguvu zenu kwenye vitasa. Hewa ndiyo kubwa.

Barakoa: wa miaka 4 msimlazimishe. Shirika la Afya Duniani halitaki barakoa kwa walio chini ya miaka mitano, huishia kuigusa kila mara. Yeye kinga yake ni nje na magoti ya mama yake. Wa miaka 8 aivae akiwa karibu na shosho, wawili wakubwa na watu wazima kama kawaida, ya vitambaa vitatu. Ikilowa haifanyi kazi, kwa hiyo mbili kwa kila mtu kwa kila nusu siku. Zile zenye valvu msiende nazo, zinamlinda aliyeivaa na kumpulizia mwingine.

Kumbatio? Moja, nje, wote wawili na barakoa, mtoto akumbatie kiunoni uso ukitazama pembeni, sekunde chache. Ukikataza kabisa litafanyika jikoni usipoona.

---

Jiko_la_Mama_Asha

Upande wa chakula nitasema mimi. Kosa la kwanza ni wanawake sita kujazana jikoni. Wapishi wawili, mlango wazi, au bora jiko litolewe nje.

Mko wanane. Nyama ya mbuzi yenye mifupa, gramu 400 kwa mtu mzima na 200 kwa mtoto mdogo, kwa hiyo kilo 3 zinatosha kabisa na za supu zinabaki. Hakuna haja ya kuchinja mbuzi mzima. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama kama kilo 11 au 12, na nyama nyingi huita wageni. Jirani akisikia mbuzi analia atakuja na kiti chake.

Chapati: unga kilo 2, maji ya vuguvugu lita 1.2, chumvi vijiko viwili vidogo, mafuta vijiko vinne vikubwa. Utapata 24 za gramu 140 hivi. Kanda dakika 10 hadi unga uache kushika beseni, funika, upumzike dakika 40. Zikitoka ngumu kama ngozi, sababu huwa moja kati ya tatu: unga haukupumzika, unga mkavu mwingi wakati wa kusukuma, au kaango la moto mdogo linalokausha badala ya kuchoma. Chapati moja isizidi dakika mbili motoni. Ziweke zikipandana ndani ya sufuria yenye kitambaa, zifunikwe, mvuke wake ndio unaozilainisha.

Kupakua: mtu mmoja tu ndiye anayeshika kijiko, amevaa barakoa, na kila mtu anapewa sahani yake. Sinia la pamoja lipumzike mwaka huu, na kachumbari ya bakuli moja pia, gawa kwenye vikombe vidogo. Tena wakati wa kula ndipo barakoa zote ziko chini, kwa hiyo hapo ndipo mstari wa chokaa wa Fundi una maana. Shosho ale mezani kwake, ninyi kwenu, mnaongea kwa sauti kidogo. Sahani yake: nusu ni sukuma wiki au kabichi, robo nyama, robo chapati moja. Soda asipewe "kwa sababu ni sikukuu". Na ale saa yake ya kawaida, nyama ikichelewa hadi saa kumi sukari yake inaweza kushuka kama ameshameza dawa. Nyama choma hukawia daima, mpe chake saa saba.

---

Mwalimu_wa_Kivuli

Watoto wacheze nini? Mna bahati ya mahali na ya tarehe, mkiacha televisheni.

Jumatatu tarehe 21, kuanzia saa moja kasoro dakika kumi jioni, tazameni magharibi, chini chini. Sayari ya Mshtarii na Zohali zitakuwa zimekaribiana kiasi cha kuonekana kama nyota moja. Hazijakaribiana hivi tangu 1623, na mara ya mwisho watu kuziona vizuri zikiwa hivyo ilikuwa 1226. Umoja panda juu ya paa la ploti, shosho atoke verandani, mkiwa kwenye simu pamoja. Zinazama kama saa mbili na nusu, msichelewe. Mawingu yakiziba jaribuni siku zinazofuata, tarehe 25 zitakuwa zimeachana karibu upana wa mwezi.

Siku ya Krismasi yenyewe, mkiwa bado mmetengana, kutengana huko ndiko kunakofanya jaribio hili liwezekane. Chukueni fimbo iliyonyooka, mita 2 kutoka ardhini hadi ncha, isimamishwe wima kwa uzi wenye jiwe. Nyingine ya urefu huo huo kabisa isimamishwe kwa shosho, binamu mmoja wa jirani amsaidie kupima. Saa sita na dakika 32 mchana jua liko juu kabisa pande zote mbili. Pimeni kivuli dakika hiyo hiyo. Nanyuki, ambayo iko kwenye ikweta, kitakuwa kama sentimita 86 na nusu. Umoja kama 81. Vyote vinaelekea kaskazini, maana Desemba jua liko kusini yetu. Watu wengi huamini kwamba ikweta saa sita huna kivuli, na watoto watafurahi kumkosoa mjomba.

Huyo wa darasa la nane achore pembetatu kwa kipimo, apime pembe za juu kwa protrakta. Atapata nyuzi 23.4 kule na 22.1 hapa, tofauti 1.3. Kutoka Umoja hadi mstari wa ikweta, moja kwa moja kaskazini, ni kama kilomita 143. Agawanye 360 kwa 1.3, azidishe kwa 143, atapata mzingo wa dunia karibu kilomita 40,000. Akikosea kivuli kwa sentimita moja jibu linayumba kwa elfu kadhaa, ndiyo maana fimbo iwe mita 2 na isiwe rula. Ncha ya kivuli huwa na ukungu wa sentimita mbili hivi. Pimeni katikati ya ukungu, nyote wawili kwa mtindo mmoja.

(Mkifika Nanyuki msiwalipe wale wanaoonyesha maji yakizunguka upande huu na ule wa ikweta kwenye beseni. Ni ustadi wa mkono wa anayemimina, beseni ni dogo mno kwa mzunguko wa dunia kuligusa.)

Kwa wadogo: mama awape kila mmoja sehemu ya bustani, nusu mita kwa nusu mita, sukuma au dania. Dania huota kwa siku 7 hadi 14, kwa hiyo shosho atakuwa na cha kuwatumia picha hadi katikati ya Januari.

Nyimbo ziimbwe nje tu. Kuimba hutoa matone mengi kuliko kuongea, basi ongezeni umbali. Shosho aanzishe, watoto waitikie kwa makofi na madebe. Wa miaka 4 debe litamfaa zaidi ya wimbo.

---

MamaWatatu_Umoja

Fimbo tumeshapata, ni ya ufagio mbili zimeunganishwa.

Swali la mwisho kwa Nesi. Msichana anayekaa na mama huenda kwao Isiolo tarehe 24, anarudi 27. Hilo ni tatizo? Na nimenunua kile kipima oksijeni cha kidole, nitamwachia mama. Asome vipi?

---

Nesi_wa_Zamu

Ni tatizo, tena umefanya vizuri kulitaja, maana mngejifungia siku saba nyote na mlango wa nyuma uko wazi. Akirudi tarehe 27 kutoka kwenye nyumba iliyojaa, tarehe 1 ndiyo siku yake ya 5, na analala hatua tano kutoka kwa mama. Muulize, usimwamuru, kama atakubali kuchukua likizo, badala ya tarehe 24, kuanzia tarehe 31 ninyi mkifika, hadi tarehe 4, na alipwe siku za Krismasi mara mbili. Hivyo tarehe 25 mama hayuko peke yake, na fimbo ina wa kuishika. Mkiondoka tarehe 2, mpate jirani wa kumchungulia mama dirishani kwa siku hizo mbili. Akirudi avae barakoa ndani siku 10, madirisha wazi, ale kando. Akikataa, siku zile ni zake, nanyi safari isogezwe hadi likizo ya Aprili.

Kipima oksijeni: mama akae dakika tano, mkono juu ya meza, kidole cha kati, asubiri sekunde 30 namba itulie. Asubuhi za huko vidole huwa baridi na namba hushuka uongo. Asugue mikono au ashike kikombe cha chai kwanza. Rangi ya kucha na hina vitolewe. Apime asubuhi na jioni kwa siku 14 tangu mlipoondoka, yaani hadi tarehe 16 Januari, aandike kwenye kalenda ya ukutani. 95 kwenda juu ni sawa. Ikiwa chini ya 94 mara mbili, vidole vikiwa na joto, mpigie simu daktari siku hiyo hiyo. Chini ya 90 ni gari na hospitali ile mliyoiulizia, usiku au mchana. Laini ya wizara ni 719. Na betri zake ni mbili za AAA, mwachie nne.